Mwanangu, nani atakuambia hapana?

Mwanangu mpendwa,

Mama, nimeliona bango. Limebandikwa kwenye nguzo ya stima pale steji ya Donholm, sura yako imejaa karatasi nzima, na chini yake jina lako na wadi unayogombea. Basi. Halisemi utafanya nini. Makanga akaniambia, "Mzee, huyu dada akiongea watu wanafuata tu, hawaulizi." Hakujua anazungumza na babako. Nilijivunia mpaka koo likanikaba, kisha usiku sikupata usingizi.

Jumatatu unaondoka na msafara wa chama kwenda Kisumu, Kakamega na Bungoma. Naandika kwa sababu kwenye simu una haraka, na ukija nyumbani unaongea vizuri hivi kwamba najikuta nimekubali mambo ambayo moyoni sijayakubali. Soma mpaka mwisho. Swali langu ni moja: katika hao watu wanaokuzunguka, nani anaweza kukuambia hapana, nawe ukatii?

Sisemi mvuto wako ni kitu kibaya. Wako wazee hapa kanisani wanaosema mwenye kuvuta watu ni tapeli mpaka athibitishwe vingine. Nimebishana nao kwa ajili yako. Usiku wa mafuriko Mathare, Aprili 2024, ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia. Tahadhari za mvua zilikuwa zimetangazwa redioni na watu hawakusogea, maana wamezoea kutangaziwa mambo na wasiowajali. Wewe ulipobisha milango, waliinuka. Mtu akiwa na kipaji cha kuaminiwa katika mji ambao hakuna anayemwamini mwenzake, kukificha ni dhambi. Hilo nimekuambia tangu ukiwa mdogo, labda kupita kiasi. Hapa nyumbani sote tulikupigia makofi, na sijui kama tulikufundisha kukaa na mtu asiyekupigia.

Babu yako alimsikia Tom Mboya, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyekuja kuwa waziri, akihutubia, na mpaka uzeeni alikuwa anajua kuiga alivyosimama. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Hakuwa ametimiza hata miaka 39. Sauti ile ikaishia hapo. Lakini wanafunzi 81 waliopanda ile ndege ya kwanza aliyosaidia kuipanga, kwenda kusoma Marekani mwaka 1959, walikuwa wameshakwenda. Na alipokuwa waziri wa kazi, mwaka 1962, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa namna ya kushughulikia migogoro. Nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi kule karakana, meneja alinichukia waziwazi, na bado alilazimika kuketi nami mezani, kwa sababu utaratibu ulikuwepo, umeandikwa. Mimi sina mvuto, mama. Naongea polepole na watu hutazama saa. Nilisikilizwa kwa sababu mtu mwenye mvuto alitumia wake kujenga meza ambayo hata mimi ningeweza kuketi. Nikiulizwa kipaji kama chako kina faida gani katika siasa, hilo ndilo jibu langu, sina lingine.

Mtazame pia Wangari Maathai, ambaye unampenda kuliko wote. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 Uhuru Park, wakubwa wakamtukana hadharani, na jengo halikujengwa. Watu wanakumbuka tabasamu lake na ujasiri wake. Lakini tangu mwaka 1977 kazi yake ya kupanda miti ilisimama juu ya vikundi vya akina mama waliolipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mche ukifa, hakuna malipo. Tabasamu halikuweza kuuhesabu mche uliokufa kuwa mzima. Wewe mche wako unahesabiwa na nani?

Juzi ulinitumia yale ya Max Weber, yule msomi Mjerumani wa mambo ya jamii, kwamba sheria zikichakaa na mila zikikwama, ni mtu mwenye karama anayevunja mazoea. Nimekuelewa. Lakini Mjerumani huyo huyo alisema mamlaka ya aina hiyo hayadumu yalivyo. Mwishowe hugeuka kuwa mila au kuwa kanuni za ofisi. Nusu hiyo hukunitumia.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Juni 2024 ninyi vijana mlitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mkisema hamna kiongozi, hamna kabila, hamna chama. Nilikasirika kwa hofu tu, ila sababu niliiona: kiongozi hununuliwa, au huchukuliwa usiku. Sasa umekubali kuwa yule ambaye mlisema hamumtaki. Pengine ni sawa, nchi haiwezi kuendeshwa barabarani. Lakini ile hekima ya kutomwamini mtu mmoja mno mmeiacha wapi?

Kule msitu wa Shakahola, mwaka 2023, walifukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge mpaka kufa. Sikulinganishi, Mungu apishe mbali. Nakukumbusha tu kwamba wale nao walikuwa watu wenye akili na watoto, na walifika mahali ambapo kuuliza kulionekana ni kukosa imani.

Tena, kwenye ile video ya Mowlem uliahidi barabara. Kwa nini, mama? Unajua kazi ya mwakilishi wadi ni kutunga sheria za kaunti na kuichunguza serikali ya gavana. Barabara hajengi yeye. Ibara ya 73 ya Katiba wewe ndiye ulinisomea, kwamba madaraka ni wajibu wa kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Umati ulishangilia, nawe ukaongeza ahadi ya pili. Nilikuona usoni. Ulifurahia.

Mamako presha imepanda tena, lakini dawa anameza. Usimpigie kumuuliza, atajua nimesema. Paa la jikoni linavuja palepale. Fundi anataka mabati mapya na mimi nimemwambia azibe kwanza. Karo ya mdogo wako imebaki ya muhula wa tatu, usitume chochote kutoka kwenye pesa za kampeni, hata shilingi, hata ukiambiwa ni zako. Gesi nimenunua. Ile sweta nzito iko kwenye kabati, Kakamega kunanyesha jioni.

Jambo la mwisho, na hili si ushauri. Kikundi chenu kilichangisha fedha baada ya mafuriko, na kila niliyemuuliza kama aliona hesabu alinijibu, "Ah, si ni yeye." Sidhani umechukua kitu, sijafikiria hivyo hata mara moja. Lakini dadako mkubwa ni mhasibu na hajawahi kukuonea aibu. Njoo Jumapili baada ya ibada, ulete kitabu cha risiti na taarifa za benki, akae navyo peke yake kabla hujapanda gari Jumatatu. Akisema kuna pengo, utawaambia watu wa wadi mwenyewe, kwa kipaza sauti kilekile.

Ni mimi babako.