Pesa ya kampeni ni ya nani, mwanangu?

Mwanangu,

Meseji nimeiona, kumbe fomu ya udiwani umeshachukua. Nimefurahi jamani, mtaa mzima wanajua. Ila simu hupokei, na kuna jambo umelipita juu juu, huyo tajiri wa malori anayelipia mabango na mafuta ya gari anataka nini kwako?

Tangu urudi kutoka Madison, kule Marekani, huna stori nyingine ila Robert La Follette, yule aliyekuwa gavana wa jimbo la Wisconsin zamani. Haya, tuongee huyo huyo. Mwaka 1891, hotelini Milwaukee, yeye mwenyewe alisema seneta Philetus Sawyer, tajiri wa mbao, alimtolea pochi ili La Follette amwingie shemeji yake mwenyewe aliyekuwa jaji kwenye kesi za hazina ya jimbo. Sawyer akakana. La Follette akayaanika gazetini, wakubwa wa chama wakamtenga, akaomba tiketi ya ugavana 1896 akakosa, 1898 akakosa tena, 1900 ndo akapata. Hapo hata mimi nampigia makofi, na najua wewe pia pochi ya namna hiyo utaikataa.

Mimi siogopi pochi, naogopa msaada. Maana huyo huyo La Follette alikuwa na Isaac Stephenson, naye tajiri wa mbao, ndiye aliyekuwa anamwaga pesa kwenye kampeni zake, mpaka gazeti la Milwaukee Free Press la kumtetea La Follette na wenzake alilianzisha yeye. Mbona huyu hujawahi kunisimulia? 1907 kiti cha useneta kikawa wazi, mzee akakitaka, akapewa. 1908 akakitaka tena, akaingia kwenye kura za maoni, zile zile za wananchi kuchagua wagombea wenyewe badala ya vigogo kupanga mkutanoni, ambazo La Follette alizipigania miaka hadi wananchi wakazipitisha 1904. Mzee akatumia zaidi ya dola 107,000! Seneti ikamchunguza na kiti akabaki nacho. Urafiki nao ukafa. Sasa mtu msafi vile, mwenye mke kama Belle aliyesoma sheria na kumshauri kila kitu, bado pesa ya rafiki ilimrudia hivyo, sembuse wewe unayeanza na barabara ya kata haijajengwa na mwenye malori ndo anasubiri tenda?

Nakujua, utasema mama hajui siasa. Sawa. Kula lakini, picha ya juzi umekonda, na ukienda kuongea na wazee vaa kitenge siyo ile suruali.

Hela ya mabati usinitumie mwezi huu, panapovuja ni jikoni tu, nimeweka beseni. Lipia mabango yako mwenyewe, hata yakiwa machache, mjomba wako anasema ana mtu wa kuchapa kwa bei nafuu. Yule mbuzi mkubwa nae anaweza kuuzwa, mnunuzi yupo, niambie tu mapema kabla ya Jumamosi maana gulio ndo siku hiyo.

Nipigie leo unijibu, pesa ni ya nani na mmekubaliana nini.

Mama yako