Kabla hujanunua RAM

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniandikia kwamba umefuta video zote, diski ina nafasi tele, laptop bado inaganda, na sasa unataka kununua RAM. Nafasi ya diski haikuwa tatizo.

Diski hutunza mafaili hata umeme ukikatika. RAM hushika yale yanayotumika sasa hivi tu, na ukizima yote hupotea. Ile insha uliyoipoteza kwa kutoihifadhi ilikuwa humo. Madukani vyote viwili huitwa memori, ndipo watu wanapouziwa wasichokihitaji.

Fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda Performance, halafu Memory. Ukikuta 7.4 kati ya 7.8 GB, RAM imejaa. (Ni 8 kweli, kiasi kidogo kimetengewa vifaa vya ndani, hujaibiwa.) Hapo Windows huchukua vipande vya yaliyomo kwenye RAM ambavyo hujavigusa kwa muda, kila kimoja kilobaiti 4, na kuvihamishia kwenye faili la diski liitwalo pagefile.sys. Ukirudi kwenye dirisha uliloliacha, huanza kuvirudisha. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, diski ya kuzunguka kwa milisekunde 10 hivi: polepole mara laki moja zaidi. Kuganda kwenyewe ndiko huko.

Ikiwa RAM iko nusu tu lakini Disk inasoma asilimia 100, usinunue RAM. Mara nyingi dawa yake ni kubadili diski, uweke SSD, diski isiyozunguka.

Jaribu kwanza cha bure. Kwenye Processes, bofya neno Memory ili walaji wakubwa wapande juu. Nadhani utakuta kivinjari, maana kila ukurasa uliouacha wazi unakula. Kwenye Startup, zima zinazojiwasha zenyewe.

Bado imejaa? Rudi Memory usome Slots used. Ikiandika 1 of 2, huenda kuna nafasi ya kuongeza, ila fundi afungue aone, kwani laptop nyingine RAM zake zimechomelewa kwenye bodi. Uliza kama RAM yako ni ya aina ya DDR3 au DDR4: mkato ulio ukingoni mwa kila moja uko mahali pake, haziingiliani, na anayelazimisha huvunja soketi. Laptop hutumia kadi ya RAM iliyo fupi, iitwayo SO-DIMM. Halafu fungua Settings, System, About, uangalie System type kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Windows ya biti 32 ya nyumbani haivuki GB 4 hata ukiijaza 16.

Nipigie picha ukurasa wa Memory kabla hujamlipa mtu.

Mama yako