Achi, ule mwisho wako bado ninao

Achi wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Umoja. Mvua imenyesha tangu jana usiku, stima imepotea, na nimekaa jikoni naandika kwa tochi ya simu na kalamu yenye inakwama kwama, kwa hivyo mwandiko ukipinda nivumilie. Watoto wamelala. Natumaini mguu wako umepona na huko Nakuru baridi imepungua kidogo.

Ile siku kwa simu sikukujibu vizuri na najua ulisikia. Uliniuliza, na maneno yako niliyaandika nyuma ya risiti nisiyasahau, "Wambo, wewe tangu tukiwa watoto ni vitabu na madaftari, niambie ukweli sasa, vimekupa nini? Maana huyu msichana anataka kusomea fasihi na mimi nataka asomee uuguzi, na kila nikimwambia ananitajia wewe." Nikakwambia kredo inaisha. Haikuwa inaisha, Achi, nilikuwa sina jibu karibu, na sikutaka kukupa jibu la haraka haraka kwa jambo kubwa hivo la mtoto.

Wacha nianze na pesa tumalizane nayo. Pesa hakuna. Nimeandika zaidi ya miaka thelathini, na hadithi iliyowahi kunilipa ni moja tu, shilingi elfu tatu, nikanunua viatu vya shule vya kijana na unga. Bado mimi ni karani wa stoo Industrial Area, nahesabu mabati na misumari, na bado nalala kwa foleni ya matatu kama kila mtu. Usimfiche hilo mtoto, na mimi nikimpata nitamwambia hivohivo.

Lakini unakumbuka kile kitabu? Kaka yako alikinunua taoni kwa wale wauzaji wa inama, wale wanatandika vitabu juu ya gunia chini na lazima uiname ndio usome majina. Hakikuwa na jalada. Tulikuwa darasa la saba, kila mtu anataka kuanza yeye, tukagombana pale barazani Kaloleni mpaka mama yako akatoka na mwiko, na hapo ndio ukakishika ukakipasua katikati, kwa mgongo, kraaa, na mimi nikalia machozi kabisa, nilidhani umekiua. Ukanipa nusu ya pili ukaniambia wewe soma hii mimi nisome hii, Ijumaa tubadilishane. Basi mimi nilikutana na yule mama wa hadithi akiwa tayari amefukuzwa kwake, anatembea barabarani na mtoto mgongoni, watu wanamtemea mate, na sikujua amefanya nini. Nilikaa siku nne nikimfikiria. Nikichota maji namfikiria, nikienda dukani namfikiria, huyu mama alikosea wapi, ama hakukosea. Halafu Ijumaa ukanipa nusu ya kwanza nikajua, na nikaona aibu kwa vile kuna siku mbili katikati hapo nilikuwa nimeshamhukumu.

Hiyo kitu haijawahi kunitoka. Kazini akikuja mtu amefura, anapiga meza anataka mabati yake sasa hivi, ama mwingine amenyamaza tu hasemi na mtu wiki nzima, huwa najiambia niko kwa nusu ya pili ya huyu, ile ya kwanza sijasoma. Imeniokoa na ugomvi mwingi Achi, hata nyumbani. Miaka ile mimi na baba ya watoto hatukuwa tunaongea, ni hiyo ndio ilinifanya nimuulize siku moja utoto wake ulikuwaje, na tukaongea mpaka asubuhi.

Na baba. Hii sijawahi kukueleza yote kwa sababu matanga yalikuwa na watu wengi na wewe ulikuwa na safari.

Unamjua baba alivyokuwa, mtu wa reli, anarudi, anakula, anasikiza redio, analala. Miaka arubaini na kitu sikuwahi kuongea na yeye zaidi ya dakika kumi mfululizo. Halafu ile presha ya macho ikamchukua macho yote mawili, nikamleta hapa kwangu, na Jumapili moja akaniambia nimsomee gazeti. Nikaanza na siasa. Akasema hapana, anza na waliokufa. Zile kurasa za matangazo ya vifo, na picha zake, yeye ndio alitaka hizo kwanza, na nilikuwa nasoma jina, mtoto wa fulani, ndugu wa fulani, aliyekuwa akifanya kazi mahali fulani, na yeye ameinamisha kichwa. Siku ya kwanza nilisoma kama kumi hivi hakuna kitu. Nikafika kwa mzee mmoja aliyekuwa wa reli. Baba akainua mkono. "Ngoja. Rudia hilo jina."

Nikarudia. Na akaanza kuongea. Aliongea mpaka chai ikapoa, huyo mzee walikuwa naye karakana moja, na kwenye hiyo karakana kulikuwa na watu wa kila mahali kwa sababu ile reli ilikuwa ya Afrika Mashariki yote, Kenya, Uganda na Tanzania, na kulikuwa na rafiki yao wa Tabora ambaye alikuwa anawapikia wali wa nazi mwisho wa mwezi. Jumuiya ilipovunjika 1977 huyo wa Tabora ikabidi arudi kwao, na vitu vyake hakuweza kubeba vyote, akamwachia baba birika. Nikauliza birika gani. Akasema si lile la mama yako, lile la bati lenye mkono wa mbao.

Achi, lile birika. Wewe mwenyewe umekunywa chai yake. Nilikua nikinywa chai kutoka kwa lile birika kila asubuhi mpaka likatoboka na sikujua lilikuwa la mtu, kwamba kuna rafiki ya baba aliliacha akienda na hawakuonana tena mpaka leo.

Usiku huo nikachukua daftari nikaandika yote, nikiogopa kusahau hata kidogo. Jumapili iliyofuata tena hivohivo. Ikawa ndio ibada yetu, mimi nasoma, yeye anasema ngoja rudia, mimi usiku naandika. Miaka minne, madaftari matatu ya kurasa 200 yamejaa. Kuna Jumapili hapakuwa na mtu anamjua na alikuwa anafurahi, anasema leo wamepona. Kama sikuwa mtu wa kusoma ningemwekea redio tu nikaenda kufua, na kama sikuwa mtu wa kuandika yale maneno yangeingia sikio hili yakatoka lile, na baba angekufa mgeni kwangu. Mimi nilimzika mtu ninayemjua. Hata sijui niliandikeje hii sentensi na mkono haukutetemeka.

Alinikumbusha na mambo ya maktaba ya McMillan. Unakumbuka alivyotupeleka pale Banda Street mara ya kwanza, karibu na msikiti wa Jamia, tukapanda juu ya wale simba wa mawe tukafokewa? Yeye alisimama chini akashika mguu wa simba kwa muda hivi, nikadhani amechoka. Kumbe ile maktaba ilifunguliwa 1931 na enzi hizo za mkoloni Mwafrika haruhusiwi kuingia, na yeye akiwa kijana alikuwa anapita hapo nje akitumwa barua, anaona ngazi tu. Aliniambia siku ile alitupeleka ilikuwa pia mara yake ya kwanza kuingia mlango ule, na alikuwa ameogea asubuhi na sabuni ya mama. Mimi nilikuwa nakumbuka simba na ile harufu ya vitabu vya zamani, sikukumbuka shati lake jeupe mpaka aliponiambia.

Sasa kuandika kwenyewe. Najua unaona kusoma sawa, lakini kuandika bila malipo ni kama kupika bila mtu wa kula. Mimi pia nilifika hapo. Kuna mwaka muswada wangu ulikaa kwa mchapishaji mmoja miezi kumi na minne halafu wakaniambia hawauoni, umepotea, na nilikuwa nimeandika kwa mkono, nakala ni hiyo moja. Nikaacha. Karibu miaka miwili sikuandika hata orodha ya sokoni. Kilichonirudisha ni kufikiria Abdilatif Abdalla, yule mshairi wa Mombasa, alifungwa 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya siasa, kijana mdogo tu, na mle ndani akawa anatunga mashairi anaandika kwa karatasi ya choo kwa siri. Ngũgĩ wa Thiong'o naye miaka michache baadaye, gereza la Kamiti, karatasi ya choo hiyohiyo, riwaya nzima kwa Kikuyu. Mashairi ya Abdilatif yalikuja kutoka kitabu 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya Jomo Kenyatta, lakini akiwa kwa seli hakujua hayo, hakujua kama kuna mtu atasoma. Nikajiuliza mtu wa namna hiyo alikuwa anapata nini usiku ule anapoandika, maana lazima alikuwa anapata kitu, tena usiku uleule. Na nikajua nilikuwa nakijua hicho kitu. Ni ile saa unatafuta neno, unajaribu hili halikai, unajaribu lile, mizani inazidi moja, unahesabu na vidole chini ya meza, halafu linaingia tu, na kichwa chote kinatulia. Hakuna mtu anaweza kukuchukulia hiyo saa.

Nikaanza upya na mashairi kwa sababu ni mafupi, naweza kuyatunga kwa jamu ya Jogoo Road. Moja likatoka Taifa Leo, kwa ule ukurasa wa mashairi. Lilikuwa la mama anayeuza mboga akingoja mwanawe arudi. Nikafurahi nikakata nikabandika kwa kabati. Wiki kama tatu hivi zikapita, nikafungua gazeti nikakuta mtu wa Lamu, simjui hanijui, amenijibu. Beti kwa beti, vina vilevile vyangu, ameandika kama yule mwana, anamwambia mama yake kwa nini hajarudi. Nilisomea kwa stoo nimesimama katikati ya misumari na sikuweza kuendelea na kazi. Mtu yuko huko mbali baharini ameketi ameyahesabu maneno yangu, ameona mahali nimeacha mlango wazi akaingia. Sijawahi kumwona mpaka leo na kuna siku namfikiria kuliko majirani zangu.

Kwa hivyo ukiniuliza vimenipa nini, vimenipa baba yangu, na mtu wa Lamu, na wewe. Kwa sababu mimi na wewe bila kile kitabu tungekuwa tu watoto wa ploti moja waliohama.

Kuhusu msichana mimi siwezi kukuamulia, wewe ndio unalipa karo na unajua mfuko wako. Uuguzi ni kazi nzuri sana, wagonjwa pia wana nusu zao za kwanza. Naomba tu, vyovyote mtakavyoamua, usimwambie aache. Muuguzi anaweza kuwa na daftari. Na akikuja Nairobi mlete kwangu, nitampeleka ile maktaba yetu ya Kaloleni, imekarabatiwa, ingekufurahisha, watoto wamejaa chini na mito wanasoma.

Sasa kitu chenyewe nilitaka kukwambia. Unakumbuka tulipounganisha zile nusu mbili tukakuta mwisho haupo, kurasa zimeng'oka, mstari wa mwisho kabisa unaishia na neno "akasema", na hatukujua alisema nini. Tukaamua kila mtu aandike mwisho wake. Wangu ulikuwa kurasa nne, harusi, gari, yule amu mbaya anapigwa na radi. Wako ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Yule mama anarudi usiku kwake alikofukuzwa, anaogopa kubisha, anasukuma mlango anakuta haujafungwa, ndani hakuna mtu, na mezani kuna bakuli la uji unafuka. Anaketi na mtoto. Basi, ukaishia hapo. Nilikuonea wivu usiku mzima, na nadhani mimi kuandika nilianza kesho yake, nikitaka kujua ulifanyaje ile.

Ninalo hilo daftari. Lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilikuwa nimelificha kwa sanduku la mama na nimelitoa jana. Nimelifunga na nailoni mbili kwa sababu ya mvua, na kwa jalada ndani nimekuandikia hii:

Kitabu kile zamani, mimi nawe tulisoma,
Tukiwa kibarazani, na jua likituchoma,
Kurasa zake mwishoni, zilikuwa zimehama,
Nawe uliko mbalini, ule mwisho nautuma.

Kesho asubuhi nikienda kazi nitapitia stegi niliweke kwa zile matatu za Nakuru zinabeba mizigo, nitakutumia namba ya gari kwa simu. Enda na kitambulisho. Msomee msichana, usimwambie ni wa nani kwanza.

Na kuna kitu nimetaka kukuuliza miaka hii yote, sijui mbona sikuwahi. Huo uji nani alikuwa ameupika? Hukuandika. Nijibu.

Wako wa kila siku,
Wambo