Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: mtoto wangu alikuwepo, mmeandika hakuwepo

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu watumishi walio chini yako wameniambia mara nyingi kwamba mwanangu hana adabu kwa kuwa kwao hakuna adabu. Basi shikamoo, na poleni na majukumu.

YAH: MTOTO WA DARASA LA NNE ALIYETOLEWA KWENYE MTIHANI WA MAJARIBIO

Jumanne iliyopita mwanangu alivaa sare, akachukua kalamu na rula, akaenda shule. Nilimfikisha getini mwenyewe. Kabla karatasi za Hisabati hazijagawiwa aliambiwa atoke akakae chini ya mwembe ili asisumbue wenzake. Akakaa huko mpaka saa sita mchana. Kwenye orodha ya watahiniwa, mbele ya jina lake, pameandikwa "hakuwepo". Nilipouliza, mwalimu wa zamu akanijibu, "Mama, usilikuze jambo."

Nalikuza.

Nadhani najua kilichotokea, ingawa hakuna atakayekiri. Kata zinapangwa kwa wastani, walimu wakuu wanaulizwa kwa wastani, na mtoto anayepata alama kumi na mbili anashusha wastani. Asiyekuwepo hashushi kitu. Kama nimekosea, nirekebishe kwa maandishi, maana barua yangu ya mwanzo ilipewa kumbukumbu namba na muhuri mzuri tu, jibu ndilo sijalipata hadi leo.

Mwanangu ana ADHD. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kulishika jambo moja mpaka mwisho, na atende kabla hajawaza. Si mapepo, na nasema hivyo baada ya kuombewa na kuaguliwa kila mahali ndugu wa mume wangu walipotaka twende. Si soda wala katuni. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ni urithi, asilimia 70 hadi 80, na kwa kweli ukimwona baba yake hutauliza zaidi: aliacha shule darasa la tano, na mpaka leo hawezi kumaliza sahani ya wali bila kusimama. Mimi mwenyewe huwa nafikiria pia kwamba mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Labda ni vyote viwili.

Duniani hali hii inakadiriwa kuwapata watoto kama watano katika kila mia. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya elfu moja. Wewe ni mtu wa takwimu, piga hesabu. Na si wote wanaorukaruka kama wangu. Wengine, hasa wasichana, wamekaa nyuma kimya wanatazama dirishani, wameshaitwa vichwa panzi, na wanasubiri kufeli bila kumsumbua mtu. Hao hata chini ya mwembe hawapelekwi.

Daktari hakumpima damu wala kumpiga picha ya kichwa, kwa sababu hakuna kipimo cha namna hiyo kinachoonyesha ugonjwa huu. Alitaka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi sita au zaidi, na kama zinaonekana mahali pawili au zaidi, yaani nyumbani na shuleni. Ndiyo maana akanipa fomu ya kujazwa na mwalimu. Ile fomu ilikaa kwenye droo ya ofisi muhula mzima. Iliporudi, maswali yote yalikuwa matupu, na chini yake, kwa wino mwekundu, mtu ameandika: "Mtukutu. Mzazi ashirikiane na shule katika adhabu."

Nimeshirikiana, Ndugu Afisa. Mimi nauza vitumbua na chai sokoni. Kila simu ya shule inanikuta asubuhi, wakati wateja ndio wanafika, na nikifunga meza hakuna anayenisubiri. Marejesho ya kikoba hayajui kwamba mtoto amemwaga maji darasani. Jirani yangu wa meza amenishauri nimpeleke kijijini kwa bibi akachunge mbuzi. Kuna siku nililifikiria.

Tuzungumze viboko, kwa kuwa vinapigwa wazi, havifichwi. Kanuni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinasema adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, izingatie umri, jinsia na afya ya mwanafunzi, na iandikwe kitabuni. Afya ya mwanafunzi! Cheti cha daktari nilikipeleka mwenyewe. Hicho kitabu nimeomba kukiona, nikaulizwa mimi ni mkaguzi wa nani. Na hebu tuseme hata sheria haipo: mtoto ambaye shida yake ni kutenda kabla hajawaza, fimbo ya jana itamzuiaje leo?

Sikuandiki kuomba dawa. Najua haziko idarani kwako. Dawa inayotumika zaidi, methilifenideti, iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa 1971, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Mtu wa zahanati ya mtaa ataitoa wapi? Hilo nitapambana nalo na wenzako wa afya.

Kilicho mikononi mwako hakina gharama, na nina ushahidi kwamba kinafanya kazi. Darasa la pili mwanangu alifundishwa na mwalimu mmoja ambaye hakuwa amesomea chochote cha ajabu. Alimkalisha mbele, mbali na mlango. Alimpa maswali mawili mawili badala ya kumi, akisahihisha na kumsifu hapo hapo. Akimwona anaanza kuchezacheza, anamtuma: lete chaki, kusanya madaftari, futa ubao. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, na bado aliweza. Mwaka ule mwanangu alijua kusoma. Mwalimu yule akahamishwa katikati ya muhula kwenda kata nyingine. Barua ya uhamisho ilisainiwa na nani, unaijua kuliko mimi.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wazazi, ulishika kipaza sauti ukasema kila shule itapata mwalimu wa elimu jumuishi "kabla mwaka haujaisha". Tulipiga makofi. Mwaka ukaisha. Nilipofuatilia ofisini kwako nikaambiwa suala liko kwenye mchakato. Nchi ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ulioanza 2021/22, walimu wamepewa vishikwambi vya sensa, vipindi vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo shuleni. Sasa mchakato unasubiri nini, wino?

Nilikuwa na orodha ndefu ya kudai. Nilitaka mafunzo kwa walimu wote, mtu wa kuwatambua hawa watoto katika kila kata, muda wa ziada kwenye mitihani, yule mwalimu arudishwe, na aliyeandika "hakuwepo" aniombe radhi. Bado nayataka yote. Lakini nimeshajifunza kwamba ukiomba mengi unapewa kikao. Kwa hiyo naomba moja: andika waraka wa ukurasa mmoja kwa walimu wakuu wote wa wilaya, usomwe kwenye kikao cha walimu, kwamba mtoto aliyeleta cheti cha daktari hachapwi kwa kushindwa kutulia, na hatolewi darasani wala kwenye chumba cha mtihani.

Ukurasa mmoja. Ukikosa mchapaji, nitalipia duka la kuchapa mimi, kwa hela ya vitumbua.

Upimaji wa Taifa wa darasa la nne ni Oktoba. Mwanangu atakuja, na mimi nitakuwa getini mpaka nimwone amekaa kwenye dawati lake. Naomba waraka huo uwe umefika kabla ya siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Mama wa darasa la nne

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; Mwenyekiti wa Kamati ya Shule; Mwalimu Mkuu (naomba hii isiwekwe droo)