Jenerali Northey na kipande mlichokisahau

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia hata neno. Leo makala ya Jumapili kuhusu Meja Jenerali Edward Northey imenishinda.

Safu tatu nzima ni uaskari: alivyojeruhiwa Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915, alivyotokea Nyasaland (Malawi ya leo) na kuwatimua Wajerumani Njombe, Songea na Iringa. Haya. Tengatenga waliobebeshwa mizigo ya jeshi lake hamkuwataja, ila hilo tumezoea. Kisha mnafika 1919, anapewa na Waingereza ugavana wa nchi yetu, Kenya, na mwandishi wenu anafunga kwa mistari miwili: alitawala hadi 1922, akarejea kwao.

Akarejea kwao! Aliitwa akaondolewa. Oktoba 1919 ulitoka waraka wa kuwataka maofisa na machifu "wahimize" watu waende kufanya kazi kwa walowezi, hata wanawake na watoto pale shamba lilipo karibu. Chifu wa enzi hizo alihimizaje, mnajua. Wanajeshi Wazungu waligawiwa ardhi kwa kura, na Wanandi waliopokonywa yao hakuna aliyewauliza. Kodi ya nyumba ikapanda, mishahara ikakatwa, na kila mwanamume wa miaka 16 kwenda juu akavishwa kipande: cheti chenye alama za vidole ndani ya kopo la chuma, shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mwanaharakati Harry Thuku alipoyapinga hayo alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 waliokwenda kumdai wakamiminiwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, mwanamke Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Serikali yenyewe ilikiri maiti 21. Gavana alikuwa nani, Mhariri? Safu tatu hazikutosha?

Kopo la babu yangu lilikaa chini ya kitanda chake hadi alipofariki. Nyanya aliliomba la kutilia ugoro, akakatazwa.

Na mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Changu kilipotelea kwenye matatu mwaka jana, nikaenda ofisi fulani mara saba. Mara mtandao umelala, mara karani yuko chai. Safari ya saba kijana wa rika la mjukuu wangu akaniuliza nina ushahidi gani kwamba mimi ni Mkenya. Nikamwambia kopo la babu nimeliacha nyumbani. Hakucheka. Halafu ukishakipata, mlinzi wa kila jengo la mjini anakunyang'anya langoni, akirushe kwenye boksi pamoja na vya wenzako!

Basi mimi naomba jambo moja. Mwandishi wenu atafute mkebe wa rangi ya viatu, autoboe, atie kitambulisho chake ndani, auvae shingoni kwa kamba ya katani Jumatatu hadi Jumamosi, matatuni na ofisini, na asifunguliwe lango lenu bila kuuonyesha. Jumapili aandike sehemu ya pili. Safu tatu, tafadhali.

Mzee wa Thika