Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: dawa ya kifafa isikatike

Shikamoo Mheshimiwa Waziri. Mimi ni fundi cherehani, nipo mkoa wa Morogoro, nina miaka 34 na nina kifafa, ila changu sio kile wengi wanachokijua cha kuanguka na kutoka povu, chenyewe kinaanza na kitu kinapanda toka tumboni mpaka kooni kama uko kwenye bodaboda inashuka mlima, alafu nasikia harufu ya mpira unaungua wakati hakuna kinachoungua, baada ya hapo sijui tena. Wanaoniona wanasema natoa macho tu, natafuna mdomo mtupu, vidole vinachezea pindo la kitambaa, dakika moja au mbili hivi, nikirudi nakuta mteja kanuna, fundi nakuongelesha unaninyamazia.

Kwa sababu ya hilo tumbo nilitibiwa vidonda vya tumbo miaka 4. Nyumbani wakasema jini, nikaombewa, nikafukizwa, na siwalaumu, mama alikua anatafuta mwanae apone. Aliyegundua ni daktari mmoja kijana kule Dar, alimwambia mdogo wangu anirekodi na simu ikitokea, akaiangalia ile video mara mbili, akamuuliza mama kama utotoni nilipata degedege la muda mrefu. Mama akasema ndio, nina mwaka na nusu, lilichukua karibu nusu saa. Nikapimwa umeme wa ubongo, akanigusa hapa kwenye panja akaniambia shida ipo ndani ya hapa, ndo panapotunza kumbukumbu na kupokea harufu, na sio uchizi wala laana. Nililia pale pale.

Nikaanzishiwa kabamazepini, asubuhi na jioni. Miezi 7 sikupata hata mara moja. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa kabisa wakipimwa na kutibiwa vizuri, na mimi nilishakua mmojawao Mheshimiwa.

Mwezi wa 3 dawa ikaisha kituoni kwetu. Njoo wiki ijayo, nikienda njoo wiki ijayo. Famasi za hapa zilikua na fenobabitoni tu, na huwezi kujibadilishia mwenyewe dawa ya kifafa, wala kuikata ghafla, ukiikata ubongo unarudi na hasira kuliko mwanzo. Siku ya 4 bila dawa nilikua napiga pasi gauni la sendoff la watu, pasi yenyewe ya mkaa, nikasikia harufu ya kuungua nikajua ndo kinaanza, kumbe safari hii ilikua ngozi yangu. Nilianguka, kwa mara ya kwanza ukubwani nikatetemeka mwili mzima, mkono wa kushoto umelalia pasi na watu wanaogopa kunigusa wakidhani povu linaambukiza. Mmoja alinitia kijiko mdomoni kwa nia njema, jino likavunjika.

Mheshimiwa, mkoa huu huu, kule Mahenge, daktari Mnorwe Louise Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, barabara ya shida, simu hakuna, na watu waliokua wamefichwa majumbani wakapata dawa wakarudi shambani. Na wenzetu wanaotumia ARV, yule aliye imara anapewa za miezi 3 mpaka 6 kwa mkupuo, yaani kumbe tunaweza. Naomba na sisi tupewe hivo hivo, kituo kiagize kabamazepini kabla haijaisha na sio ikishaisha, na nesi wa zahanati afundishwe kwamba mtu anayezubaa na kutafuna mdomo mtupu naye anaweza kua na kifafa. Na wanawake tuambiwe mapema, maana hii dawa inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, mimi nimelijua hilo nikiwa na mimba tayari.

Naandika hii usiku huu kwa sababu jioni nimehesabu. Nimebakiwa na vidonge 11, nakunywa 2 kwa siku, na kituoni wameniambia niulize tena baada ya wiki 2.

Ni mimi fundi wako, Morogoro.