YAH: Malalamiko kuhusu programu yenu mpya isiyosomeka kwa kisoma skrini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi, na sioni. Simu naitumia kwa kisoma skrini: nikigusa kitu inanitajia jina lake, nikigonga mara mbili kinafunguka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilipa kwenu mwenyewe, mpaka mlipotoa toleo jipya.

Sasa nikifungua ukurasa wa malipo nasikia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha." Kimoja ni cha kulipa, kingine cha kufuta. Kipi ni kipi, simu haijui, maana aliyevitengeneza aliweka alama za kuonekana tu, majina hakuviandikia. Juzi nilibahatisha, nikafuta fomu nzima niliyokuwa nimeshaijaza.

Nilipoanza upya likaja fumbo la kuthibitisha kwamba mimi si roboti: chagua picha zote zenye pikipiki. La kusikiliza halipo. Nikashindwa kuthibitisha kuwa ni mtu.

Mwishowe nikampa mpwa wangu simu pamoja na namba ya siri. Masharti yenu yanasema mteja asimtajie mtu yeyote namba hiyo, na akiitaja hasara ni yake. Je, siku pesa zikipotea mtasema nimejitakia? Na huyo mpwa, anayeona vizuri, ilibidi atoke juani aingie ndani ndipo ayasome maandishi yenu ya kijivu juu ya nyeupe.

Niliwapigia simu. Aliyepokea alikuwa na adabu, lakini jibu lake likawa: mwombe mtu wa nyumbani akusaidie. Msaidizi ninaye. Nilichoomba ni kitufe chenye jina.

Wala si matakwa yangu tu. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, wa W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, unadai vitufe viwe na majina, na fumbo la picha liwe na njia nyingine, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, tena katika ngazi A, ya chini kabisa. Kwa maandishi ya kawaida, ngazi ya AA, inayofuata juu ya A, inataka tofauti ya rangi kati ya maandishi na usuli wake isiyopungua 4.5 kwa 1.

Kuandika majina ya vitufe si kujenga programu upya. Naomba mlifanye hilo kwanza, kisha fumbo, kisha rangi. Na tafadhali msibandike kile kitufe cha kukuza herufi chenye alama ya kiti cha magurudumu mkasema mmemaliza. Herufi hata ziwe kubwa kama nyumba, mimi sizioni.

Niko tayari kulijaribu toleo lililorekebishwa kabla hamjalitoa. Jibu naomba liwe la maandishi. Mara ya mwisho mlinitumia barua iliyopigwa picha, simu ikanisomea yote kwa neno moja: "Picha."

Wenu,
Mteja